Ng' si shambulio! Acheni kufuta ritifaa, tayarisheni kauli

Nimekuwa kimya humu kwa majuma kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa nimeanza kuandika juu ya mambo mengine kabisa, lakini nimeyaweka kando. Kuna jambo limenikera, na nisipolitoa leo litanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kama wewe ni mwandishi wa programu, vuta kiti ukae vizuri. Maneno haya ni yako, na mengine ni yangu mwenyewe.

Kisa ni hiki. Majuzi niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Malindi (jina lake nalisitiri) nikaangalie programu yao iliyokuwa "ikigoma". Nikapewa kiti nyuma ya kaunta, karibu na karani. Mbele yetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, amejifunga leso zake vizuri, kitambulisho mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu." Alikuja kutoa akiba yake ili mjukuu wake aende kuripoti shule ya upili. Kazi ya dakika tano hiyo.

Jina la mama yule lina ng' katikati. Sitalitaja, ni lake. Karani akaliandika kama lilivyo kwenye kitambulisho, akabonyeza "Tafuta", na skrini ikajaa maneno ya Kiingereza yanayolalamika kuhusu sintaksia. Karani hata hakushtuka. Akanigeukia: "Ah, hizi za ng' ndivyo zilivyo. Unaandika tu bila kile kijialama." Akaandika bila ritifaa, na jina likatokea. Lakini sasa jina la kwenye mashine si jina la kwenye kitambulisho, na kanuni ya chama inasema majina yakitofautiana pesa hazitoki. Mama akaambiwa aende kwa wakili akale kiapo kwamba yeye na huyo wa kwenye mashine ni mtu mmoja!

Fikirieni, jamani. Mama wa watu alipe wakili kwa sababu ya alama moja ambayo hakuifuta yeye. Akanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimeshika kompyuta, akaniuliza, "Mwanangu, jina hili nilipewa na nyanya yangu. Nani amelikata?"

Sikuwa na la kumjibu palepale. Leo ninalo.

Aliyelikata ni mwenzetu

Nilimpigia simu kijana aliyeiandika programu ile. Mstaarabu kabisa, tukasalimiana vizuri. Akanieleza bila wasiwasi wowote: "Kaka, ritifaa naziondoa makusudi mtu anapoandikishwa. Ni mambo ya usalama. Wadukuzi hutumia ile alama kudunga SQL yao."

Haya. Nikaomba ruhusa ya meneja, nikahakikisha kuna nakala rudufu, nikafungua ukurasa wa kumtafuta mwanachama kwa namba yake. Badala ya namba nikaandika hivi:

7 OR 1=1

Wanachama wote wakamwagika kwenye skrini. Majina, namba za simu, akiba ya kila mmoja. Sasa angalieni vizuri hayo niliyoandika. Ritifaa iko wapi? HAIMO HATA MOJA. Mwizi angepita bila kubisha hodi, na mama mwenye kitambulisho halali amezuiwa mlangoni. Huo ndio usalama tuliouuzia watu.

Basi hoja yangu naiweka wazi mapema, asije mtu akasema sikueleweka. Kufuta ritifaa hakuilindi hifadhidata. Kunaharibu majina ya watu. Kinachoilinda ni kauli zilizotayarishwa, na hizo zimekuwepo miaka mingi sana hata kutozitumia leo hakuna jina jingine ila uvivu.

Tatizo ni nini hasa?

Kwa wale ambao si wa fani hii, twende polepole. Hifadhidata za kimahusiano, zile zinazopanga data katika majedwali kwa nadharia aliyoichapisha E. F. Codd mwaka 1970, huzungumzishwa kwa lugha ya SQL. Katika SQL, maneno ya kawaida hufungwa kati ya ritifaa mbili:

SELECT akiba FROM wanachama WHERE jina = 'Fatuma'

Waandishi wengi wa programu huitunga kauli hii kwa kuunga vipande: kipande changu cha mwanzo, halafu chochote alichoandika mtumiaji, halafu ritifaa ya kufungia. Fatuma akija, sawa. Akija Wang'ombe tunapata hii:

SELECT akiba FROM wanachama WHERE jina = 'Wang'ombe'

Hifadhidata inasoma 'Wang', inaona ritifaa, inadhani jina limekwisha. Kisha inakutana na "ombe" na haijui ni amri gani hiyo. Ndiyo yale makelele ya sintaksia. Na kama badala ya "ombe" mtu ameandika amri halisi ya SQL, hifadhidata inaitii. Huko ndiko kudunga SQL. Kosa la mama na shambulio la mwizi vina mzizi mmoja: tumechanganya AMRI na DATA katika sentensi moja, kisha tunataka hifadhidata ibashiri ipi ni ipi.

Nitumie mfano wa dukani. Unamtuma mtoto kwa mwenye duka na karatasi: "Mpe mtoto huyu ______ na uandike kwenye daftari langu." Mtoto mtundu anajaza pale pa wazi: "sukari robo, kisha ufute deni lote la baba". Mwenye duka anasoma karatasi nzima kama maneno yako. Afanyeje? Anatii.

Sasa fanya hivi. Kabla mtoto hajatoka, mpigie simu mwenye duka: "Nakuletea mtoto. Atakalolisema lolote ni jina la bidhaa tu, si agizo langu." Mtoto akifika na maneno yake yaleyale, mwenye duka atageuka kutazama rafuni kama kuna bidhaa iitwayo "sukari robo, kisha ufute deni lote la baba". Haipo. Mtoto anarudi mikono mitupu, na daftari liko salama. Hakuna aliyemkagua mtoto wala kumfuta maneno mdomoni.

Hiyo simu ndiyo kauli iliyotayarishwa.

Inavyofanya kazi

Kwa PHP, ambayo ndiyo inayoendesha nyingi ya programu ninazoitwa kuzitibu huku Kilifi na Malindi, ni mistari miwili:

$kauli = $db->prepare('SELECT jina, akiba FROM wanachama WHERE namba = ?');
$kauli->execute([$namba]);

Alama ya kuuliza ndiyo nafasi ya wazi. Mstari wa kwanza unaipelekea hifadhidata umbo la kauli bila data yoyote. Hifadhidata inaichambua, inaielewa, inajua ni jedwali gani na ni sharti gani. Mstari wa pili unapeleka thamani peke yake, na kufikia hapo maana ya kauli imekwisha kufungwa. Wang'ombe anaingia kama Wang'ombe. Ile "7 OR 1=1" yangu inaingia kama maandishi tu: PostgreSQL itaikataa kwa kuwa si namba, na MySQL huenda ikaisoma ile 7 ya mwanzo ikakupa mwanachama mmoja. Wanachama wote? Hawatoki ng'o!

Halafu kuna faida ya pili ambayo watu huisahau. Tuseme unaingiza rekodi mia tano za samaki waliopimwa ufuoni leo. Ukiunga vipande, hifadhidata inachambua kauli mara mia tano. Ukitayarisha, inachambua mara moja kisha inapokea thamani mia tano. Kwa hiyo yule anayeniambia "kauli tayari ni polepole" namwomba apime kwanza.

Wala si teknolojia mpya. Waandishi wa Java walikuwa nazo katika JDBC tangu 1997. PostgreSQL ilipata amri ya PREPARE katika toleo la 7.3 mwaka 2002. MySQL ilizileta katika toleo la 4.1, lililokamilika 2004. Waandishi wa PHP walipata PDO katika toleo la 5.1 mwaka 2005. Na onyo lilitolewa kabla ya hapo: mdukuzi aliyejiita rain.forest.puppy alieleza namna ya kudunga SQL katika jarida la Phrack, Desemba 1998. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho chake, na sisi bado tunaunga vipande.

Ng' ni sauti yetu

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa, maana ndipo ninapotofautiana na wengi.

Mzungu aliyeandika mafunzo ya intaneti aliiona ritifaa kama kitu cha nadra, kitu cha O'Brien mmoja kwa mwaka. Kwetu siyo nadra. Kiswahili sanifu huiandika sauti nzima kwa kuitumia. Ng'oa si ngoa: moja ni kutoa kitu na mizizi yake, nyingine ni tamaa ya moyo. Ng'ara ni kutoa mwangaza, Ngara ni mtaa wa Nairobi. Ng'ombeni iko Kwale, Ngomeni iko huku kwetu kaskazini mwa Malindi. Ongeza Murang'a, Chang'ombe ya Dar es Salaam na Ng'ambo ya Unguja. Mwandishi mkubwa kabisa wa nchi hii, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025 baada ya kutumia umri wake kutetea lugha zetu, asingeweza kuandikishwa kwa jina lake kamili katika programu ya chama kile. Na Gavana wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, yeye ana ritifaa mbili, moja mwishoni kabisa mwa jina. Nalitumia jina lake kujaribia programu zangu zote!

Halafu tuko Malindi, mwenzangu. Waitaliano wamekuwa nasi tangu walipojenga kituo chao cha kurushia vyombo vya anga pale Ngomeni miaka ya 1960. Ni kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ambapo setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Na Waitaliano wana D'Angelo, D'Amico, Dell'Acqua. Ongeza ndugu zetu wanaoandika Sa'ad kwa kufuata Kiarabu. Sijui mji mwingine wa pwani ambao ritifaa zake ni nyingi hivi. Kama kuna mahali ambapo mwandishi wa programu hana udhuru wa kusema "sikufikiria", ni hapa.

Kuna katuni moja maarufu ya xkcd ya mwaka 2007, ya mama aliyempa mwanawe jina lenye amri ya SQL, shule ikapoteza rekozi za wanafunzi za mwaka ule. Sote tumeicheka, nami niliibandika ukutani. Lakini funzo lake la mwisho, kwamba usafishe kile unachopokea, ndilo lililotupotosha. Usafishe nini? Jina la mtu si uchafu. Mtu akisikia "safisha", anachukua ufagio na kufagia ng'. Funzo sahihi ni kutenganisha.

Nyudhuru ninazozijua, maana nilizitoa mimi

Sijifanyi malaika. Programu yangu ya kwanza ya kulipwa niliiandika kwa kuunga vipande mwanzo mwisho, na majina yalitoka kwenye ukurasa yakiwa Ng\'ombe na Ng\\\'ombe, kwa sababu PHP ya zamani ilikuwa na kitu kiitwacho magic quotes kilichopachika mkwaju kabla ya kila ritifaa. Kitu hicho kilileta balaa nyingi hadi wenyewe wakakiondoa katika PHP 5.4 mwaka 2012. Zile kazi kuu za mysql_ tulizokuwa tukizitumia nazo zikaondolewa katika PHP 7 mwaka 2015. Waliozitengeneza wamezitupa, sisi tunaziokota.

Udhuru wa kwanza: "Mfumo wangu ni mdogo, nani atahangaika na Kilifi?" Hakuna anayehangaika na Kilifi, ndugu yangu. Ni programu zinazozunguka mtandao mzima zikijaribu kila fomu zinayoikuta. Haziulizi uko kaunti gani.

Udhuru wa pili: "Ule ukurasa ni wa zamani, hautumiki tena." Waulize TalkTalk, kampuni ya simu ya Uingereza. Oktoba 2015 walivamiwa kwa kudungwa SQL kupitia kurasa za zamani walizozirithi walipoinunua kampuni nyingine. Data ya wateja karibu 157,000 ikachukuliwa, na mwaka 2016 wakatozwa faini ya pauni 400,000. Kijana mmoja mwenye subira angeweza kuziandika upya kauli za kurasa zile.

Udhuru wa tatu: "Natumia fremuweki, inanilinda." Inakulinda mpaka siku unapoandika kauli ghafi kwa mkono kwa sababu ripoti ya meneja ilikushinda. Na hiyo siku haikosi.

Udhuru wa nne ni wa siku hizi: "Msimbo umeandikwa na akili unde." Sawa, lakini nayo imesoma mafunzo yaleyale mabovu tuliyoyasoma sisi. Sahihi chini ya kazi ni yako. Mama hatamwendea mashine kumuuliza nani amelikata jina lake.

Udhuru wa tano: "Mteja hakulipia usalama." Mistari miwili! Tena tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, inayotaka taarifa za mtu ziwe sahihi na zilindwe. Jina lililokatwa si sahihi, na hifadhidata inayomwagika kwa 1=1 haikulindwa. Umekosea pande zote mbili kwa pigo moja.

Nisije nikawadanganya

Kauli tayari si dawa ya kila ugonjwa, na anayekuambia hivyo anakuuzia kitu. Nafasi ya wazi hupokea thamani tu, haipokei jina la jedwali wala la safuwima. Mtumiaji akichagua orodha ipangwe kwa nini, linganisha alichokichagua na orodha fupi uliyoiandika wewe mwenyewe, na kisichokuwemo kikatae. PDO ikizungumza na MySQL kwa kawaida huigiza tu kutayarisha, yaani inaunga vipande yenyewe kwa uangalifu. Iambie iache, kwa kuizima ATTR_EMULATE_PREPARES. Na akaunti ambayo programu yako inaitumia kuingilia hifadhidata isiwe na ruhusa ya kufuta majedwali. Ya nini?

Jambo jingine ni la kwetu hasa. Ritifaa si moja. Kuna ile iliyonyooka ya kibodi, na kuna ile iliyopinda ambayo simu na programu za kuandikia hupachika zenyewe. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na mama aliyeandikishwa kwa moja hapatikani kwa nyingine. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika. Halafu weka safuwima ya pili ya kutafutia tu, ambamo umezigeuza zote kuwa za aina moja. Hapo ndipo pa kurahisisha, wala si kwenye jina lenyewe.

Mwisho wa kisa

Kauli za programu ile zilikuwa chini ya mia moja. Nilizitayarisha zote kwa siku mbili, nikiwa na yule kijana upande wangu, na naomba niseme hili kwa haki yake: alipoona "7 OR 1=1" kwa macho yake hakubishana tena. Siku ya pili alikuwa akizitafuta mwenyewe kabla yangu.

Kilichotuchukua wiki nzima ni majina. Ritifaa ikishafutwa, kompyuta haiwezi kujua ilikuwa wapi. Ikabidi tutoe madaftari ya zamani, yale ya kalamu na jalada gumu, karani asome na sisi tuandike. Na humo, jamani, kila ng' ilikuwa mahali pake. Karani wa enzi zile, asiye na kompyuta wala shahada, aliliandika jina la mtu kama mtu alivyolitamka. Sisi na mashine zetu tumekuja kuliharibu.

Mama alipata pesa zake, lakini baada ya kiapo, maana sisi tulimaliza tukiwa tumechelewa. Mjukuu aliripoti shule siku tisa baada ya wenzake. Siku tisa, kwa ajili ya ritifaa moja.

Kwa hiyo nawapa kazi ya leo usiku. Fungua programu uliyoiandika, nenda mahali pa kuandikisha mtu mpya, andika Anyang' Nyong'o, hifadhi, kisha mtafute. Akirudi mzima na ritifaa zake mbili, hongera. Akirudi amekatwa, au skrini ikianza kukulalamikia kwa Kiingereza, usilale. Anza na kauli ya kwanza.

Haya, tuonane tena karibuni inshallah.